Chombo cha 1977 na Simu ya Jumapili

SEHEMU YA 1

Leo mnisamehe, siongelei homa ya mtoto wala maziwa kutotoka. Nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, usingizi umegoma, na kuna jambo limenikaa kifuani tangu mwanangu wa miaka tisa aniulize swali mezani. Ni refu, nitaligawa vipande. Anayenyonyesha sasa hivi asome taratibu, muda anao.

Swali lenyewe: "Mama, kwa nini Voyager haijafa?"

Mimi na stashahada yangu ya uuguzi, Voyager naijulia wapi? Nikamwambia kula ubwabwa. Lakini mtoto akishashika jambo mnajua wenyewe. Mwalimu wao wa sayansi aliwaambia kuna vyombo viwili vya Wamarekani vilirushwa angani mwaka 1977, kimojawapo kiko mbali kuliko kitu chochote kilichowahi kutengenezwa na mkono wa mtu, na mpaka leo bado vinapiga simu nyumbani. Mtoto akapiga hesabu. 1977 ndio mwaka aliozaliwa mjomba wake, kaka yangu mkubwa. Mjomba magoti yanamuuma, anavaa miwani, halafu chombo kinachapa kazi tu. Inakuwaje?

Tangu siku hiyo, nikipata nafasi zamu ikitulia, nasoma habari za hivyo vyombo kwenye simu. Wenzangu wanadhani naangalia nguo za mtumba.

Kwa kifupi ni hivi. Voyager 2 ilirushwa tarehe 20 Agosti 1977 kutoka Cape Canaveral, Florida. Voyager 1 ikafuata tarehe 5 Septemba. Ndiyo, ya pili ilitangulia. Ya kwanza ilipewa njia ya haraka zaidi, ikampita mwenzake huko mbele ya safari. Vilitumwa kwenda kuangalia sayari mbili, Jupita (ile wengine mnaiita Mshtarii) na Zohali yenye pete, na vilitengenezwa vidumu kama miaka mitano. Mitano tu! Jupita wakapita 1979, Zohali 1980 na 1981. Kwa hesabu ya kawaida hapo ni kiinua mgongo na kwenda kulima. Ila Voyager 2 ilikuwa bado ina nguvu, wakaisukuma hadi Uranusi Januari 1986, halafu Neptuni Agosti 1989. Mimi nimezaliwa 1989. Mama yangu anahangaika na uchungu wa kunizaa huko Nzega, chombo kinapiga picha Neptuni. Mwaka 2012 Voyager 1 ikavuka mpaka ambapo upepo wa Jua unaishia, mwenzake akavuka 2018. Sasa viko katikati ya nyota na nyota.

Umeme wake hautoki kwenye sola, maana ukiwa huko Jua unaliona kama nyota nyingine tu. Unatoka kwenye joto la plutoni inayooza polepole. Siku ya kuondoka kila chombo kilikuwa na wati kama 470. Pasi yako ya nyumbani inakula zaidi ya hapo. Na kila mwaka zinapungua kama wati 4. Kompyuta zake zote kwa pamoja zina kumbukumbu ya kama kilobaiti 70. Picha ya vipele vya mtoto mliyonitumia jana inboksi inazidi hapo. Redio yake ya kutumia ujumbe ina nguvu kama taa ya ndani ya friji. Mnong'ono huo unasafiri zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka Voyager 1, unachukua zaidi ya saa 22 kufika. Ukisema "umeamkaje" leo asubuhi, "salama" unaisikia keshokutwa.

Huku chini kuna madishi makubwa ya kusikiliza, yako California, Hispania na Australia. Dunia ikizunguka, huyu akipoteza sauti yule anaidaka. Nikacheka peke yangu. Hiyo si ni kukabidhiana zamu? Saa moja na nusu asubuhi, kitanda namba nne kalala vizuri, namba sita mfuatilie joto.

Nilidhani jibu la mwanangu litakuwa lile la wazee, kwamba vitu vya zamani vilikuwa imara. Baba yangu alikuwa na redio ya mbao, alisema hivyo mpaka anaingia kaburini. Kumbe sivyo. Hivi vyombo vimeharibika sana tu. Vimekufa sikio, vimekufa chipu, vimegeuzwa kichwa upande kwa makosa ya watu wenyewe. Nilipofika kwenye kisa cha mwaka 1978 nikaweka simu chini, nikaenda chooni kunawa uso. Nitawaeleza kesho, kwa sababu kinamhusu mama yangu.


SEHEMU YA 2

Mliouliza kama ubwabwa uliliwa: uliliwa.

Haya, 1978. Vyombo vina miezi michache tu tangu viondoke, viko njiani kwenda Jupita. Kila kimoja kina redio mbili za kupokelea maagizo, moja ya kazi na moja ya akiba. Na ndani ya kompyuta wamekipa maelekezo: ukikaa muda, kama wiki hivi, hujasikia agizo lolote kutoka nyumbani, ujue redio yako imekufa, hamia kwenye ya akiba.

Utaratibu mzuri kabisa. Aliyeubuni hakuwaza kwamba nyumbani wanaweza kusahau.

Wakasahau. Si kwa ubaya. Mwezi Februari jukwaa linalobeba kamera za Voyager 1 lilikuwa limekwama, na hekaheka yote ikawa huko. Mwenye watoto wawili ananielewa. Mmoja akiugua, yule mzima anakaa kimya pembeni, na wewe unashukuru Mungu kwamba yuko kimya. Ilipofika Aprili, Voyager 2 ikahesabu siku zake, ikaona kimya, ikaamua kwamba sikio ndilo lililokufa. Ikaiacha redio iliyokuwa nzima, ikahamia ya akiba. Kumbe ya akiba ndiyo ilikuwa na hitilafu, kidude kimoja kinachoitwa kapasita kimeharibika. Wanaiita, haisikii. Baada ya saa kadhaa kompyuta ikarudi kwenye redio ya kwanza, ikafanya kazi kama nusu saa, halafu ikaungua moja kwa moja. Ikabidi wasubiri wiki nyingine mpaka chombo chenyewe kihamie tena kwenye ile mbovu. Na hiyo mbovu ndiyo sikio la Voyager 2 mpaka leo navyoandika.

Sasa mama yangu.

Mama ana presha tangu 2011. Anaishi kijijini, kama saa moja kwa bodaboda kutoka Nzega mjini, na mjukuu wake, mtoto wa marehemu dada yangu. Mimi niko Morogoro. Utaratibu wetu ulikuwa Jumapili saa kumi jioni. Nampigia, namuuliza umeamkaje, umekula nini, vidonge vimebaki vingapi. Ananihesabia kwa sauti, kimoja kimoja, nasikia karatasi inakwaruza. Vikikaribia kwisha natuma hela kwenye simu. Yeye hapigi. Anasema asije akanikuta na mgonjwa mkononi.

Mwaka juzi mwezi wa tatu binti yangu mdogo akashikwa na nimonia. Tulilazwa siku saba, mimi niliyezoea kusimama upande wa pili wa kitanda. Tulivyotoka, wodini kwetu mmoja yuko likizo ya uzazi, mwingine kahamishwa, nikaunganisha zamu za usiku. Jumapili ya kwanza niliikumbuka saa tano usiku, nikasema atakuwa amelala. Ya pili nililala mimi. Ya tatu sijui hata ilipitaje. Na nakiri mbele yenu: ndani ya kichwa changu nilikuwa nashukuru kwamba Mama yuko salama, halalamiki.

Mama yeye alifikiri simu yake imeharibika.

Hakuwaza hata kidogo kwamba mimi nimenyamaza. Mwanangu anapiga kila Jumapili, sisikii kitu, basi simu ni mbovu. Siku ya mnada akaibeba kwenye leso, akaipeleka kwa fundi. Fundi simwiti jina, yuko kwa riziki yake. Akaifungua, akamwambia spika imekufa, akaweka nyingine, akachukua elfu kumi na tano. Akapiga kwa simu yake, ile ya Mama ikaita, "unaona Bibi, imepona." Mama akarudi nyumbani amefurahi, akangoja Jumapili.

Ile elfu kumi na tano ilikuwa ya vidonge. Nilishaituma kabla ya mtoto kuugua.

Jumanne asubuhi mjukuu alimkuta kakaa chini karibu na mafiga, uso umepinda, mkono wa kulia hauinuki, anataka kusema na hasemi. Alikuwa amemaliza siku kumi na mbili bila dawa. Hilo tulilijua kwa kuhesabu pakiti.

Nisimame hapa kidogo nivae sare. Dawa ya presha haiachwi kwa sababu umejisikia nafuu. Umejisikia nafuu kwa sababu unakunywa. Na ukiona mtu mzima uso umelala upande mmoja, mkono umelegea ghafla, au maneno yanatoka kama ya mlevi na hajanywa, usimkande, usimpe maji anywe, usisubiri jua lichomoze. Kimbiza hospitali hapohapo na kumbuka saa iliyoanza, daktari atakuuliza. Mjukuu wa Mama ana miaka kumi na minne, hakujua, alimfunika kanga akaenda kumwita jirani aliyekuwa shambani. Simlaumu. Nani alimfundisha? Shangazi yake ni muuguzi na hakuwahi kumwambia.


SEHEMU YA 3

Asanteni kwa pole zenu. Sikuandika ili mnipe pole, ila nimezipokea.

Nilifika Nzega baada ya basi la siku nzima. Mama yuko wodini, amegeuzwa ubavu, kalazwa vizuri, waliompokea walimhudumia na siwezi kuwasema. Kwenye faili wameandika haelewi maelekezo. Nami nikaanza. "Mama! Mama, unanisikia? Nishike mkono!" Kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, kama vile kiziwi. Muuguzi wa miaka zaidi ya kumi kazini nafanya hivyo! Macho yake yananipita yanaangalia dirisha. Nikatoka nje nikalia kwenye ngazi.

Jioni akaja mama mdogo na chupa ya uji. Hakujua kilichoandikwa kwenye faili. Akakaa kitandani upande wa kushoto, akainama, akaanza kuongea taratibu kwa Kinyamwezi, mambo ya kawaida tu ya nyumbani. Mama akageuza jicho. Baadaye kidogo akatoa neno, zito, nusu limemezwa. Mama mdogo akacheka mpaka machozi. "Anauliza mbuzi nani kawafunga."

Kumbe alikuwepo. Tulikuwa tunamwita mahali asipokuwepo.

Kwa wagonjwa wa kiharusi wanaojua lugha zaidi ya moja hili hutokea, nyingine hurudi mapema, nyingine huchelewa. Nilishalisoma chuoni. Kulisoma na kulikumbuka mamako akiwa kitandani ni vitu viwili. Na mimi Kinyamwezi changu ni cha salamu na matusi ya mchunga mbuzi, nilisoma bweni, nikaolewa mbali. Nikamwomba mama mdogo anirekodie kwenye simu sentensi kama ishirini: unaumwa wapi, una kiu, nikugeuze, kesho nitakuja. Nikawa nazisikiliza usiku kama mtoto anayekariri jedwali.

Sasa rudini kwenye lile sikio bovu la Voyager 2, kwa sababu hapa ndipo wale wahandisi waliniingia moyoni. Redio nzima inamfuata msemaji. Dunia inazunguka, chombo kinakimbia, kwa hiyo masafa yanahama kidogo kidogo, na redio nzima hujisogeza yenyewe kuyafuata. Ile ya akiba haisogei. Inasikia kwenye kijidirisha chembamba tu, na hicho kijidirisha nacho kinahama joto la ndani ya chombo likibadilika hata kidogo. Hakuna fundi wa kwenda kubadilisha kapasita. Basi wakaamua watakaosogea ni wao huku chini. Kila wakitaka kutuma agizo wanapiga hesabu ya mzunguko wa Dunia, mwendo wa chombo, joto lilivyo, wanapanga masafa yao ili sauti ikifika iangukie palepale kinaposikia. Joto likivurugika wanasubiri litulie ndipo waongee. Wamefanya hivyo tangu Aprili 1978. Kwa njia hiyo walikiongoza mpaka Uranusi na Neptuni, na chombo kingine hakijawahi kufika huko mpaka leo.

Nilivyomweleza mwanangu, akasema, "Kwa hiyo ni kama wewe na Bibi na Kinyamwezi." Nikamwambia ndiyo, nenda kaoge.

Tukiwa kwenye lugha, niwape kichekesho. Kila chombo kimebeba sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye sauti na picha za Duniani, kwa yeyote atakayekiokota huko. Kuna picha ya mama ananyonyesha. Kuna sauti ya mama na mtoto na busu. Kuna salamu za lugha 55, Kiganda kimo, na lugha za watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita zimo. Kiswahili hakimo! Majirani zetu wa Uganda wametuwahi.

Na kuna la Julai 2023. Tarehe 21 walituma maagizo yakiwa na kosa, Voyager 2 ikageuza antena yake digrii 2 pembeni. Digrii 2 ni kama unene wa kidole ukiunyoosha mkono, lakini kwa umbali ule ni kimya kabisa. Haitumi, haisikii. Chombo kilipangiwa kujielekeza upya tarehe 15 Oktoba, kwa hiyo wangeweza kukaa kungoja. Hawakukaa. Wakasikiliza kwa madishi yao mpaka mwanzoni mwa Agosti wakanasa mlio mdogo, hauna ujumbe wowote ndani, unaonyesha tu kwamba chombo kipo. Wenyewe waliuita mapigo ya moyo. Halafu dishi la Canberra, Australia, likatuma agizo kwa nguvu zake zote, wakauita ukelele. Saa 18 na nusu kwenda, saa 18 na nusu kurudi. Tarehe 4 Agosti kikajibu.

Nikiwa na wakina mama wajawazito, napoweka ile fimbo ya kusikilizia tumboni na mtoto kajigeuza, sisemi hayupo. Nasogeza kidogo, nasogeza tena. Mama anakuwa ananiangalia usoni muda wote, hapumui.


SEHEMU YA 4, ya mwisho

Nimechelewa kwa sababu ya zamu, mnisamehe.

Baada ya miezi mitatu tulikaa kikao cha familia. Kaka, yule wa 1977, alikuwa na mpango wake. Mama ahamie kwake Dar, mbuzi wauzwe, nyumba ifungwe. Ni mpango wa mtu anayempenda mamaye, msimwone mbaya. Mama akatikisa kichwa. Maneno yalikuwa machache, lakini kichwa kilikuwa kinatikisika vizuri sana. Kaka akaniangalia mimi, "Wewe ndiye muuguzi, sema."

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilikuwa natetemeka kwa ile habari ya simu, nikaona sina haki ya kusema chochote. Tuliahirisha mpaka baada ya mavuno.

Tangu wati zilipoanza kupungua, wale watu wa Voyager kazi yao kubwa imekuwa kuamua nini kizimwe. Kamera za Voyager 1 zilizimwa 1990, baada ya kugeuka na kupiga picha ya Dunia ikiwa kidoa. Hita moja, halafu nyingine. Mwaka 2019 ikafika zamu ya hita ya kifaa kinachopima miale ya anga ndani ya Voyager 2. Hicho kifaa walipokitengeneza walikipima kwenye baridi ya nyuzi 45 chini ya sifuri. Wakazima hita, kikashuka mpaka nyuzi 59 chini ya sifuri. Na kikaendelea kuleta vipimo! Baridi ambayo hakuna aliyewahi kukijaribia. Wangefuata karatasi wangekizima chote siku hiyohiyo. Wao walizima joto, wakaacha kifaa, wakangoja waone.

Baadaye vingine vilizimwa kabisa. Voyager 2 kimoja Septemba 2024, kingine Machi 2025, Voyager 1 nacho Februari 2025. Si kwamba viliharibika. Walivizima vikiwa vinafanya kazi, ili vilivyobaki viishi. Nikisoma hapo nashika kichwa. Mnajua uzito wa kuzima kitu kinachofanya kazi?

Kilichonikaa zaidi ni cha Voyager 1. Novemba 2023 ilianza kuleta upuuzi. Mlio upo, ila ujumbe hauna maana, herufi tupu. Nilipokisoma niliona mgonjwa wa kiharusi aliyepoteza kauli, yupo na haeleweki. Walihangaika miezi. Mwezi Machi wakakichokonoa kwa agizo moja, kikajibu kwa kumwaga kila kilichokuwemo kwenye kumbukumbu ya kompyuta moja, wakalinganisha na ya zamani, wakagundua chipu moja imekufa. Chipu hiyo ilibeba karibu asilimia 3 ya hiyo kumbukumbu. Kuiondoa haiwezekani. Na hapakuwa na nafasi moja ya kutosha kuhamishia yale maelekezo yote kwa pamoja. Basi wakayakata vipande, wakavichomeka huku kidogo, kule kidogo, wakarekebisha ili kila kipande kijue mwenzake yuko wapi. Wakatuma tarehe 18 Aprili 2024. Tarehe 20 jibu likafika, kinaeleweka. Mpaka Juni vifaa vyake vyote vinne vilivyokuwa vimebaki vikawa vinaleta vipimo.

Mama neno "kikombe" lilikufa, halijarudi. Anasema "kile cha chai." Jina langu lilichelewa sana, akawa ananiita "wa sindano." Jiko ni "pale moto." Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, sema ki-kom-be. Anakasirika, ananyamaza nusu siku. Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea tuliyempata mara mbili tu, kwa nauli ya kuumiza, alituambia mwacheni azunguke, mradi anafika. Tukaacha. Sasa hivi anaongea Kiswahili na Kinyamwezi vimechanganyika, vikombe vyote ni vya chai hata vya maji, na jirani zake wote wanamwelewa.

Kikao cha pili nilisema. Dar hapana. Tuliorodhesha tunazima nini. Kuchota maji: imezimwa, tumemlipa kijana wa jirani. Shamba la mpunga: limekodishwa. Kwenda mnadani kwa mguu: imezimwa, na hiyo alinuna wiki mbili. Mbuzi: wamepungua kutoka kumi na moja kuwa wanne. Kuku, kumenya karanga, kukaa barazani asubuhi: hatugusi. Vidonge mjukuu anavihesabu kila jioni na anajua dalili zote, nimemkaririsha mpaka kachoka nami.

Karanga anamenya kwa mkono wa kushoto. Nilimwambia Kaka hataweza, mkono huo haujawahi kushika kazi. Tarehe 28 Novemba 2017 (hiki ndicho kisa anachokipenda mwanangu, ameniagiza nisikiache) wahandisi waliwasha kwenye Voyager 1 injini ndogo ambazo hazikuguswa kwa miaka 37, kwa sababu zile za kila siku zilikuwa zinachoka. Zikawaka. Mama naye alianza na karanga tatu kwa saa moja. Mwezi uliopita alituma debe zima Morogoro, nusu yake maganda.

Kaka bado hajaridhika kabisa. Anasema Mama akianguka tena kule, lawama ni yangu. Inawezekana. Nimeliweka hilo mahali pake na ninalala nalo.

Mwanangu juzi ameuliza la mwisho. Hao Voyager wakija kunyamaza, watajuaje kama wamekufa au wamegeuka tu pembeni? Nikamwambia umeme wao hautadumu milele, hilo linajulikana, miaka michache ijayo hautatosha hata kifaa kimoja. Akasema hajauliza hilo. Nikamwambia watasikiliza kwanza.

Jumapili iliyopita simu iliita mara sita bila kupokelewa. Nilikuwa nimeshika ukuta. Ya saba akapokea, anahema, alikuwa bandani kwa kuku. Akanihesabia vidonge, kumi na nane, kimoja kimoja, mpaka nane kwa Kiswahili, vilivyobaki kwa Kinyamwezi.

Jumapili hii nimepangiwa zamu ya mchana. Nimeshaongea na mwenzangu, saa kumi hadi kumi na nusu atanishikia wodi.